Kwa anayetaka kuwa bingwa bobezi wa kansa ya damu na kupandikiza uloto, haya ndo niliyoyaona

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema umemaliza intani, magonjwa ya damu umeyapenda tangu uko mwaka wa tatu, unataka uende mpaka mwisho yani uwe daktari bingwa bobezi wa kansa za damu na upandikizaji wa chembe shina (zile chembe mama za damu zinazokaa kwenye uloto, yani ute wa ndani ya mifupa), ila kaka zako wa hospitalini wanakuambia ni miaka mingi ya kusota alafu mwisho wake ni kusaini vyeti vya vifo tu. Ukaomba mtu aliyeko ndani akueleze ukweli, na kama kazi yenyewe itakuwepo miaka 15 ijayo. Mimi niko ndani, huu ni mwaka wa 11 tangu nimalize ubobezi, kwaiyo ntaandika kirefu, nivumilie.

Habari ya miaka tuimalize haraka maana haina ubishi. Shule ya udaktari 5 au 6, intani 1, ubingwa wa magonjwa ya ndani au wa watoto 3 mpaka 4, alafu damu yenyewe 2 au 3, na wengi wanaongeza mwaka mzima wa upandikizaji peke yake. Nchi na nchi zinatofautiana, Marekani damu na kansa zinasomwa pamoja, Uingereza mtu wa damu anafundishwa wodini na maabara kwa pamoja. Mi nilianza kusaini maamuzi yangu mwenyewe nikiwa na miaka 36, wenzangu niliomaliza nao darasa moja walikuwa wameshajenga na watoto wao wanasoma. Itakuuma kwa muda, baadae inapoa.

Ila sio miaka iliyonifanya nikae chini nikujibu. Kuna jambo moja ambalo mimi hakuna aliyeniambia kabla sijaingia, na naona hao kaka zako nao hawajakuambia.

Karibu kila tawi la udaktari mgonjwa anakuja kwako anaumwa na kazi yako ni kumtoa hapo alipo. Kwenye upandikizaji mara nyingi ni kinyume chake. Mgonjwa wa lukemia kali, yani kansa ya damu inayokwenda kwa kasi, ameshapigwa kemo miezi kadhaa, ugonjwa umelala, hata kwenye hadubini hauonekani, nywele zimeanza kuota, mwili umerudi, anapanda ngazi mwenyewe anakuja kukaa mbele yako anatabasamu. Na we ndo unatakiwa umwambie kwamba ugonjwa huu kwa aina yake una nafasi kubwa ya kurudi, kwamba ili usirudi unataka kumpa dawa zitakazofuta uloto wake wote umwekee wa mtu mwingine, na kwamba kwenye hiyo safari anaweza kufa. Asife kwa kansa, afe kwa dawa ulizoandika wewe kwa mkono wako. Yani unamchukua mtu aliyesimama, unamlaza chini, ukiwa na imani utamsimamisha tena akiwa salama zaidi ya alivyokuwa. Ukishindwa kubeba hilo, shahada zote hazitakusaidia, na ukilibeba kirahisi sana napo ni hatari.

Nilikuwa na mama mmoja (nimebadili mambo madogo madogo asijulikane), lukemia ya mieloidi, vinasaba vyake vibaya, kemo mbili ugonjwa ukalala. Hakuwa na ndugu anayefanana naye alama za chembe, tukapata mchangiaji kwenye sajili ya kimataifa, kila kitu kikaenda vizuri, uloto ukashika siku ya 17 baada ya kupandikizwa, tukafurahi wodi nzima. Wiki ya sita tumbo likaanza, kuhara lita na malita, ngozi ikababuka viganjani. Ni ule ugonjwa ambao chembe za kinga za mchangiaji zinauona mwili mzima wa mgonjwa kama adui, mgeni anampiga mwenye nyumba. Steroidi, dawa za kutuliza kinga, zikagoma, dawa ya pili ikagoma, akafariki kabla ya siku ya 90. Mume wake aliniuliza kitu kimoja tu, kwa upole kabisa, akasema, "Daktari, si alikuja mzima?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nikirudi kuangalia karatasi zake leo bado ningependekeza upandikizaji, nafasi ya ugonjwa kurudi ilikuwa kubwa mno. Kilichobadilika ni namna ninavyoongea kabla. Sasa hivi sikubali kuzungumza na mgonjwa peke yake siku ya maamuzi, nataka mwenza au ndugu awepo, na naanza na maneno hayohayo ya yule baba: anakuja hapa mzima, ni sisi tutakaomlaza. Alafu nanyamaza. Watu wanahitaji muda kulimeza hilo kabla hujaleta asilimia.

Ndo maana nakuambia ujuzi mkubwa wa kazi hii ni kujua nani umpandikize, nani umwache, na lini. Tuna kikao kila wiki, tunaweka meza moja umri, moyo, mapafu, ini, vinasaba vya ugonjwa, kama kuna mabaki madogo ya kansa yanayoonekana kwa vipimo vikali, mchangiaji ni nani, na nani atamuuguza nyumbani. Huyu wa mwisho usimdharau, mgonjwa asiye na mtu wa kumwangalia miezi mitatu baada ya kutoka yuko hatarini hata kama HLA (alama za chembe zinazolinganishwa kati yake na mchangiaji) imefanana yote. Kuna mzee mmoja tulimkatalia kwa sababu ya moyo, familia ilikasirika wakasema tumemkatia tamaa, tukampa dawa nyepesi akaishi mwaka na miezi, nyumbani kwake, anatembea. Naamini tungempandikiza angefia kwetu ndani ya mwezi.

Sasa kwanini tunathubutu? Hapa inabidi ujue tulikotoka. Daktari wa Marekani E. Donnall Thomas na wenzake walichapisha mwaka 1957 habari za wagonjwa 6 waliomwagiwa uloto kwenye mshipa, na wote 6 hawakuvuka siku 100. Sita kwa sita. Wengi walioingia kwenye jambo hili wakaliacha miaka ya 60 wakisema haliwezekani. Yeye akaendelea na mbwa maabara, na mkewe Dottie akiwa bega kwa bega naye, akahamia Seattle, na wakati huo upande mwingine Jean Dausset wa Ufaransa alikuwa ameshafungua mlango wa HLA, yani zile alama za chembe zinazoamua nani anaweza kumpa nani. Dausset alipata tuzo ya Nobel 1980, Thomas 1990. Mi nikiwa na wiki mbaya huwa nawakumbuka wale 6 wa kwanza kuliko hata hiyo Nobel.

Na kuna siri iliyokuja kujulikana baadae ambayo ndo moyo wa kazi yenyewe. Waliopandikizwa kutoka kwa pacha wa kufanana kabisa hawakupata ule ugonjwa wa mgeni kumpiga mwenye nyumba, lakini kansa yao ilirudi mara nyingi zaidi. Wale waliopigwa kidogo na chembe za mgeni kansa ilirudi kwa nadra. Kumbe kinachoponya sio kemo kali peke yake, ni kinga mpya inayowinda kansa iliyobaki. Kwaiyo maisha yako yote kazini utakuwa unatafuta mstari mwembamba hapo katikati, ukizima kinga sana kansa inarudi, ukiilegeza sana inamla mgonjwa. Kuna wagonjwa ugonjwa ulirudi, ukapunguza dawa za kuzima kinga, ukawapa chembe za limfu za mchangiaji yuleyule kwa dripu bila kemo, na kansa ikalala tena. Mara ya kwanza kuiona hiyo kwa macho yangu nilikaa naangalia majibu ya maabara kama dakika kumi.

Siku yenyewe ya upandikizaji itakushangaza kwa udogo wake. Ndugu wanakuja wamevaa vizuri wanauliza chumba cha upasuaji kiko wapi, na hakuna kisu, ni mfuko tu kama wa damu unaingia kwa dripu kwenye mshipa mkubwa. Chembe zenyewe zinajua njia ya kwenda kwenye mifupa. Kama zilikuwa zimegandishwa kwenye nitrojeni, chini kabisa huko nyuzi 196 chini ya sifuri, ile dawa inayozilinda zisipasuke inanuka chumba kizima kama kitunguu saumu, mgonjwa anainusa kwenye pumzi yake siku nzima. Tunaiita siku sifuri. Ya hatari ni siku zinazofuata, wiki mbili tatu mtu hana chembe nyeupe kabisa, mdomo umechubuka hadi mate yanamshinda kumeza, plateleti (chembe za kugandisha damu) tunamwongezea, na homa ikipanda nyuzi 38 lazima antibayotiki iwe imeingia ndani ya saa moja, iwe saa nane usiku iwe nini, hakuna kusubiri daktari mkubwa aamke. Unasubiri neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zivuke 500 siku tatu mfululizo. Kila asubuhi mgonjwa anakuuliza ngapi leo, na we ulishaangalia kabla hujanawa uso.

Mengi yanayookoa hapo ni madogo na hayako mikononi mwa daktari. Mgonjwa wa mailoma (kansa nyingine ya uloto) anayepewa kemo ya melfalani ukimnyonyesha barafu wakati dawa inaingia, mishipa ya mdomoni inajikunja na vidonda vinapungua sana. Barafu tu! Na anayesimama pale kuhakikisha barafu haitoki mdomoni ni nesi. Heshimu manesi wa wodi hii kuliko unavyofikiria sasa. Nikiwa residenti, yani nasomea ubingwa, hospitali moja ambayo sitaitaja, tulikuwa tunampa kijana dawa kwenye uti wa mgongo, na kwenye trei ilikuja pia sindano ya vinkristini, dawa ya kemo ya mgonjwa huyohuyo, ambayo ni ya mshipani. Vinkristini ikiingia kwenye uti wa mgongo inaua, na inaua kwa mateso. Nilikuwa nimechoka, nimenyoosha mkono. Nesi akaushika mkono wangu akasema, "Daktari, soma kwa sauti." Nikasoma. Mpaka leo nasoma kwa sauti kila dawa, na popote nilipofanya kazi nimepigania vinkristini ije kwenye kimfuko cha dripu sio kwenye bomba la sindano, hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza, maana kimfuko huwezi kukifunga kwenye sindano ya mgongo kwa bahati mbaya.

Jambo lingine ambalo vitabu vinalipitia haraka ni mchangiaji. Kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana kabisa na mgonjwa, kwaiyo vipimo vikija familia nzima inamgeukia mtu mmoja. Nilikutana na kijana wa miaka 20 hivi, alifanana na dada yake yote, mbele ya wazazi alisema ndio kwa nguvu, alafu akanisubiri kwenye korido akaniambia hataki, anaogopa, na hawezi kulisema nyumbani. We ni daktari wa dada yake! Unamtaka huyu kijana achangie kuliko kitu chochote. Ndo maana utaratibu mzuri ni mchangiaji awe na daktari wake mwingine kabisa asiyehusika na mgonjwa. Nilimpeleka kwa mwenzangu, akaongea naye peke yake, akamweleza kwamba siku hizi mara nyingi ni sindano siku 4 au 5 za kuzisukuma chembe shina zitoke kwenye uloto ziingie kwenye damu, mifupa inauma kama mafua makali, alafu anakaa kwenye mashine masaa kadhaa damu inazunguka, mashine inachuja chembe na nyingine inamrudishia. Akamwambia pia, ukisema hapana tutaiambia familia kwamba kiafya hufai, na hakuna atakayejua. Baada ya siku tatu alirudi mwenyewe akasema yuko tayari. Angekataa ningeheshimu, na tungetafuta njia nyingine. Lazima aliseme hilo mapema, kwa sababu mgonjwa akishaanza kemo ya maandalizi mchangiaji akikimbia uloto wa mgonjwa haupo tena wa kurudia.

Njia nyingine zipo, na hapa kuna uchungu. Sajili za dunia zina zaidi ya wachangiaji milioni 40, lakini HLA inafuata asili ya watu. Kwa hesabu za sajili ya Marekani, mzungu ana nafasi kama asilimia 79 ya kupata anayefanana naye kabisa, mtu mweusi kama 29. Tofauti hiyo nimeikuta kwenye macho ya wagonjwa. Kilichoniondolea usiku wa mawazo ni upandikizaji wa nusu, yani mchangiaji anafanana na mgonjwa nusu tu, mzazi kumpa mtoto au mtoto kumpa mzazi, ambao zamani ulikuwa kama hukumu ya kifo mpaka wataalamu wa Baltimore, Marekani, walipoonyesha kwamba ukitoa dawa ya kemo ya siklofosfamidi siku ya 3 na ya 4 baada ya kupandikiza, inaua zile chembe za kinga zilizochachamaa na kuziacha chembe shina salama. Dawa ya zamani, ya bei ya chini, imetumika kwa akili. Sasa hivi karibu kila mgonjwa ana mtu.

Ulivyoniuliza kama kazi itakuwepo miaka 15 ijayo, ntakujibu kwa lukemia sugu ya mieloidi, ile inayokwenda polepole. Kuna wakati ndo ilikuwa sababu namba moja ya kupandikiza, wodi zilijaa. Mwaka 2001 kikaruhusiwa kidonge cha imatinibu, na ndani ya miaka michache wagonjwa hao karibu wote wakatoka kwenye foleni yetu, wanameza kidonge wanaenda kazini. Hakuna daktari wa upandikizaji niliyemsikia akilalamika. Mwaka 2017 zikaja chembe T zilizofundishwa upya maabara zinazoitwa CAR-T, na kumbe wanaozitoa ni sisi hawa wa upandikizaji, kwa sababu mashine za kuchuja tunazo na homa za ajabu tumezizoea. Kwaiyo usisomee kupandikiza kama fundi wa kitu kimoja, jifunze kinga ya mwili kwa undani na utafika popote itakapohamia.

Kuhusu vyeti vya vifo, sitakudanganya, utasaini. Miezi mingine mfululizo. Mi nina utaratibu nilioanza baada ya yule mama, wiki mbili baada ya msiba nampigia ndugu mmoja, sio kujitetea, namuuliza kama kuna swali limebaki. Karibu wote wanalo. Na lingine kaka zako hawalioni kwa sababu wao wako wodini tu, hawakai kwenye kliniki ya waliopona. Hao unakuwa nao miaka na miaka. Unawachanja chanjo zote upya kama watoto wachanga kwa sababu kinga ya zamani imefutika, unawaangalia macho, mifupa, tezi, ngozi, wengine kundi la damu limebadilika likawa la mchangiaji, wengine macho makavu hayaponi na maisha ya ndoa yamebadilika na wanaona aibu kusema mpaka uwaulize. Uzazi ndo wa kuuliza kabla ya kemo, sio baada, niliwahi kuchelewa kumuuliza kijana mmoja kuhusu kuhifadhi mbegu kwa sababu tulikuwa tunakimbizana na ugonjwa. Alipona. Kila akija kliniki hilo lipo kati yetu, na hajawahi kunilaumu.

Kwa sasa, wakati unasubiri nafasi ya ubingwa, fanya vitu viwili. Hamia kwenye hadubini. Usisubiri ripoti, kaa na watu wa maabara uangalie slaidi mwenyewe mpaka jicho lizoee, mia, mia mbili. Kuna aina ya lukemia, ile ya promielositi, inaua kwa kutoa damu ndani ya siku chache, ila ukianza dawa ya ATRA mapema na kuongeza aseniki, wengi mno wanaopita wiki za mwanzo wanapona kabisa bila kupandikizwa. Sheria ni kuanza ukihisi tu, majibu ya vinasaba yatakukuta njiani. Nikiwa naanza kusomea magonjwa ya damu nilimpata dada mmoja usiku anatoka damu kwenye fizi, michubuko mwili mzima, nikashuka maabara mwenyewe, kwenye kioo nikaona chembe zimejaa vijiti kama matita ya kuni. Nikampigia mkubwa wangu, akasema anza sasa hivi. Ningesubiri asubuhi sijui tungemkuta.

La pili, omba ukae wodi ya upandikizaji mwezi mzima bila majukumu ya kuandika, uchague mgonjwa mmoja umfuate kuanzia siku ile anaingia anatembea mpaka anatoka, na usiende nyumbani siku yake ya 8 na ya 9, hizo ndo mbaya. Ukitoka hapo ukajikuta asubuhi unataka kujua neutrofili zake ni ngapi kabla hata hujanywa maji, niandikie, ntakuelekeza namna ya kuomba ubobezi na uanze na watu wazima au watoto.